Neno Ambalo Sekela Hakulitamka

Sekela alikataliwa kazi mara tatu kabla ya kukataliwa ile iliyomuuma.

Mara ya kwanza ilikuwa hospitalini, ambako walitaka wasichana ambao hawajaolewa. Mara ya pili ilikuwa katika duka moja la vitambaa hapo Mbeya mjini. Mwenye duka alimtazama kuanzia kilemba hadi viatu, kisha akamwuliza kama ana kaka anayejua hesabu. Mara ya tatu ilikuwa shule moja ya nje ya mji. Mwalimu mkuu alisema nafasi ipo, ila mwanamke mwenye mume leo yupo darasani, kesho yupo kitandani anajifungua, na watoto wa watu wabaki na nani? Sekela hakuwa na mtoto, na si kwa kutotaka. Mwalimu mkuu hakulijua hilo, wala Sekela hakumwambia.

Mara zote tatu alikunja goti kidogo kama alivyolelewa, akasema, "Nashukuru, bwana," akatoka.

Alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, ingawa miaka ninayoisimulia mimi nilikuwa sijazaliwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Alizaliwa Rungwe kwenye migomba na mvua, akasomeshwa na misheni katika shule ya bweni ya wasichana, akafundisha watoto wadogo kijijini kwao kwa muda mfupi. Halafu akaolewa na Asukile, dereva wa lori, akahamia Mbeya. Ndoa ilimtoa kwenye ualimu. Siku hizo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyemwuliza analionaje jambo hilo.

Walipanga chumba katika nyumba ya Bi Kudra, nyuma ya soko. Asukile alikuwa mtu mwema na nyumbani hawakulala njaa. Lakini alikuwa safarini zaidi ya kuwa nyumbani, na Sekela akiisha kufagia, kupika na kufua, siku ilikuwa bado imebaki nzima mbele yake. Alisoma Biblia. Alisoma kitabu cha nyimbo. Alisoma hata vipande vya magazeti ambavyo Bi Kudra alifungia chumvi na bizari. Aliniambia baadaye kwamba alichokikosa hakikuwa kazi kwa ajili ya kula. Alikosa kusimama mbele ya mtu asiyejua jambo, akamwona anapolijua. "Uso unabadilika," alisema. "Ukishauona mara moja, unautaka tena."

Kwa hiyo iliposikika sokoni kwamba anatafutwa mwanamke wa kufundisha akina mama kusoma na kuandika, Sekela hakulala vizuri. Walioolewa hawakukatazwa. Watoto hawakuulizwa. Kilichotakiwa ni mtu awe amesoma, awe na subira, na afaulu jaribio la kusoma kwa sauti mbele ya bwana aliyeitwa Edmund. Sekela hakumjua mtu yeyote pale Mbeya aliyesoma kwa sauti vizuri kuliko yeye. Alikuwa mwoga wa watu, lakini hakuwahi kuogopa karatasi.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la Wanyakyusa, maana bila hilo yaliyofuata yataonekana ni upuuzi.

Mwanamke wa Kinyakyusa akishaolewa humwogopa baba mkwe wake. Wenyewe huita kutila. Hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, mwanamke huingia majanini, akageuza uso mpaka mzee apite. Na jina la mzee halitamki kabisa. Si jina tu, bali na neno lolote linalofanana nalo. Baba mkwe akiitwa kwa jina linalofanana na neno la maji, mke wa mwanawe itabidi atafute neno jingine la kuita maji. Wakristo wengi walikuwa wamelegeza mambo hayo, wakawa wanasali kanisa moja na wakwe zao. Ila jina, hapana. Jina lilibaki.

Baba yake Asukile aliitwa Gwakisa.

Kwa Kinyakyusa kisa ni huruma, na Gwakisa ni mtu wa huruma. Ni jina zuri. Lakini kwa Kiswahili kisa ni habari, ni hadithi, ni sababu. Ni neno linalopita midomoni mwa watu kila siku bila kubisha hodi. Kwa miaka yote ya ndoa yake Sekela alilikwepa kwa ustadi hata watu hawakugundua. Alisema hadithi, alisema habari, alisema sababu. Kisamvu aliita majani ya muhogo. Kisahani aliita sahani ndogo. Hakuona kwamba ni mzigo, kama mtu asivyoona mzigo wa nguo alizovaa.

Siku ya jaribio alivaa gauni la buluu, akajifunga kitenge juu yake kwa sababu ya baridi. Bwana Edmund alikuwa mtu wa upande wa Tanga, mpole, mwenye mafua. Mezani alikuwa na kitabu chembamba cha masomo ya watu wazima.

"Karibu, mama. Nimeambiwa ulikuwa mwalimu."

"Ndiyo, bwana."

"Basi hili litakuwa jambo dogo. Nisomee hapa, ukurasa wote, polepole, kama unawasomea akina mama."

Sekela akapokea kitabu. Juu kabisa, kwa herufi kubwa nyeusi, paliandikwa: KISA CHA MJANE NA SHAMBA LAKE.

Aliniambia kwamba hakuwa na nafasi ya kufikiri. Macho yaliona neno, na kinywa, kikiwa kimezoea kukwepa, kikakwepa.

"Hadithi ya mjane na shamba lake," alisoma kwa sauti safi.

Bwana Edmund akainua uso kidogo, akaurudisha chini.

Sekela akaendelea. Kitabu kilisema, "Kisa hiki kilitokea zamani," naye akasoma, "Habari hii ilitokea zamani." Kitabu kilisema mjane alikuwa akisali kila jioni kando ya shamba. Sekela akaona "akisali", akaona lililojificha katikati yake, akasoma, "akiomba." Kitabu kilisema mjane alidhulumiwa na jirani lakini hakulipiza kisasi. Sekela akasoma, "lakini alimsamehe."

"Basi, mama," Bwana Edmund akasema. "Inatosha."

Akachukua kitabu, akapenga kamasi, akitafuta namna ya kusema.

"Mama, nikuulize. Kitabu hiki umewahi kusomewa na mtu?"

"Hapana, bwana."

"Hapa panasema akisali. Wewe umesema akiomba. Hapa panasema hakulipiza kisasi. Wewe umesema alimsamehe. Maana umeipata, sikatai, tena umeipata vizuri. Lakini husomi. Unakisia."

Neno hilo nalo lilimgonga, likiwa karibu mno na lile jingine. Sekela akainamisha kichwa.

"Una la kusema?"

Alikuwa nalo. Lakini alisemeje? Kueleza kwa nini hatamki neno ni kuanza na neno lenyewe. Angeweza kusema, "Ni jina la mkwe wangu," naye bwana wa Tanga angeuliza, kwa wema kabisa, "Jina gani?" Na pale mlangoni walikaa wanawake wengine wakingoja zamu, wawili kati yao ni Wanyakyusa.

"Nashukuru, bwana," akasema.

"Pole, mama. Jaribu tena mwakani. Jifunze kutazama herufi, usikimbilie maana."

Mtu aliyesoma magazeti ya kufungia bizari, mtu aliyefundisha wengine kutazama herufi, akaambiwa ajifunze kutazama herufi. Akakunja goti, akatoka, akawaaga wanawake waliokaa mlangoni mmoja mmoja, akatembea hadi nyumbani bila kuona njia.

Bi Kudra alikuwa uani akipepeta mchele aliouleta kutoka Chimala. Babu yake alifika bara akitokea Kilwa na biashara zake, na ingawa Bi Kudra mwenyewe alizaliwa Mbeya na hakuwahi kuiona bahari, alikisema Kiswahili kama kitu cha urithi wake.

"Enhe, mwalimu! Nikupigie vigelegele?"

Sekela akakaa kwenye kigoda. Akamweleza yote, akilizunguka lile neno kama mtu anayezunguka tope. Bi Kudra alisikiliza hadi ungo ukasimama mikononi mwake.

"Ngoja. Ngoja kwanza, mwanangu. Neno gani hilo?"

"Silisemi."

"Linaanza na nini?"

"Bi Kudra!"

"Mjane na shamba... hadithi... mkasa... Lo! Kisa? Kisa tu?"

Sekela akaziba masikio.

"Subhanallah! Yaani umekosa kazi kwa ajili ya kisa? Ndiyo maana! Ndiyo maana miaka yote unaniambia 'nipikie majani ya muhogo', mimi najisemea huyu mtoto wa mlimani hajui chakula kinavyoitwa. Na kisahani changu kile unachokiita sahani ndogo!"

"Cheka tu."

"Sicheki." Alikuwa anacheka. "Hebu niambie, na mtu akikudhulumu, unamlipizia nini?"

Sekela akafikiri. "Namsamehe."

"Unaona! Ndiyo maana kila anayekukataa unamshukuru. Hata neno la kumlipizia huna!" Bi Kudra akaangua kicheko mpaka mchele ukamwagika. Alipomwona Sekela hacheki, akaweka ungo chini. "Haya, pole. Lakini kwa nini hukumwambia yule bwana? Mtu mzima yule, angeelewa."

"Angeuliza jina."

"Ungemtajia."

"Bi Kudra, wewe unaweza kuvua nguo sokoni?"

Bi Kudra akainama. Akaanza kuokota mchele punje kwa punje.

Asukile aliporudi kutoka safari aliambiwa, akakaa muda mrefu akisugua mafuta ya gari viganjani. Kwake neno lile halikuwa na mwiko. Lilikuwa jina la baba yake tu, na mtoto wa kiume hana haja ya kuogopa hivyo.

"Si ungelisema tu haraka," akasema. "Mzee yuko Rungwe. Angesikia?"

"Ningesikia mimi."

"Na Mungu anajua hukukusudia vibaya."

"Asukile, sijasema Mungu hajui. Nimesema kazi imekwenda."

Siku zilizofuata alikuwa na hasira ambayo hakujua pa kuiweka. Alimkasirikia Bwana Edmund, kisha akakumbuka kwamba Bwana Edmund alihukumu alichokisikia, na alichokisikia kilikuwa kibaya kweli. Aliikasirikia desturi, kisha akamkumbuka mama yake, ambaye maisha yake yote aliogopa jina la mkwe wake na hakuna aliyemwona mjinga. Alijikasirikia mwenyewe, na hapo hasira ilikaa zaidi, ila haikumsaidia kitu. Aliniambia kwamba jambo la kukataliwa lingekuwa rahisi kama angepata mtu mmoja mbaya wa kumlaumu. "Wote walikuwa wazuri," alisema. "Ndicho kilichoniudhi."

Mwezi uliofuata mzee mwenyewe alikuja Mbeya, kutibiwa macho. Alifikia kwa mwanawe, kama ilivyopasa, na Sekela akahamia upande wa Bi Kudra, kama ilivyopasa pia. Alipika akiwa uani. Bi Kudra ndiye aliyebeba chakula akaingia nacho, akarudi na vyombo na habari.

Siku ya pili Sekela akamshika kanga.

"Bi Kudra, niulizie jambo kwa mzee."

"Lile?"

"Lile. Mwambie natafuta kazi ya kufundisha, na kitabu kina neno lake. Namwomba ruhusa nilisome kitabuni tu. Kitabuni tu, si nyumbani."

Bi Kudra akabeba bakuli la ndizi, akaingia. Sekela akasogea ukutani, uso ameuelekeza upande wa pili, akasikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Ndaga, ahsante. Hiyo ndizi inanukia."

"Kapika mkweo. Mzee, mkweo ana ombi." Akaeleza, vizuri, kwa adabu, bila kuongeza chumvi. Sekela akasikia mzee anatafuna, anameza.

"Sasa mama," mzee akasema, "mimi nilimkataza lini?"

"Hukumkataza?"

"Mimi? Sijasema kitu. Hiyo mambo ya wanawake. Wanafundishana wenyewe huko jikoni kwao."

"Basi unamruhusu?"

"Aa, hapana. Nitaruhusu nini ambacho sikukataza? Aulize mama mkwe wake."

"Na mama mkwe akikubali?"

"Yule? Yule atasema niulizwe mimi."

Bi Kudra akatoka na bakuli tupu, akamtazama Sekela, wala hakuwa na haja ya kurudia. Sekela alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba. Alikuwa amezunguka ofisi za Mbeya za kutosha kulijua jibu lile: dirisha hili linakupeleka dirisha lile, na dirisha lile linakurudisha hili. Hakudhani kwamba na desturi nayo ina madirisha.

"Mwambie ahsante," akasema. "Mwongezee ndizi."

Baada ya mzee kurudi Rungwe, Asukile alileta habari kutoka Iringa. Huko alishusha mizigo karibu na misheni moja, akasikia kwamba mwanamke anayeitwa Mama Apolonia, msimamizi wa darasa la ushonaji na kisomo la akina mama, anatafuta mwalimu. Kulikuwa na chumba cha mwalimu. Asukile alipita Iringa kila wiki, na tajiri wake hakujali dereva analala mji gani.

"Vitabu vyao ni vilevile," Sekela akasema.

"Labda."

"Si labda. Ni vilevile."

"Basi usiende."

"Nitakwenda," akasema, kwa ukali hata Asukile akarudi nyuma. "Ila safari hii nitasema mwanzoni."

Walisafiri kwa lori siku nzima na nusu, vumbi likiwaingia hata kwenye meno. Iringa ilikuwa na upepo mkavu unaopita juu ya mawe makubwa ya mlima. Mama Apolonia alikuwa Mhehe mnene, mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa uzi. Sekela alimpigia goti, na kabla hajakaa, kabla woga haujamkamata, akasema:

"Mama, kuna neno moja katika kitabu chenu silitamki. Nalijua, nalisoma, naweza kuliandika. Silitamki kwa sababu ya mkwe wangu."

Mama Apolonia akavua miwani. Hakuuliza neno gani. Akafungua kitabu, kilekile chembamba, akageuza kurasa taratibu, akaona mwenyewe.

"Wewe ni wa Rungwe," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hata kwetu mkwe ana heshima yake. Lakini mwanangu, neno lenyewe limejaa humu kama mawe kwenye mchele. Utafundishaje?"

"Sijui. Nipe darasa asubuhi moja."

Akapewa. Wanawake walikaa kwenye mabenchi, wengine na watoto mgongoni. Aliyekaa mbele kabisa alikuwa Rozalia, muuza pombe, mwenye mdomo mpana na wepesi wa kuutumia. Sekela alikuwa na kijiti cha kuonyeshea na ubao. Akaandika ubaoni sentensi ya kwanza yote, bila kuruka kitu, kwa mwandiko wake wa misheni ulionyooka. Kuandika si kutamka; hilo alikuwa amelitatua akiwa ndani ya lori, karibu na Mafinga.

Akaelekeza kijiti kwenye neno la kwanza. Akanyamaza.

Wanawake wakamngojea. Yeye akawangojea.

"Mwalimu, tusomee," Rozalia akasema.

Sekela akagonga ubao kwa kijiti, taratibu, silabi ya kwanza, silabi ya pili.

"Jamani, halijui!" Rozalia akapaza sauti. "Wametuletea mwalimu bubu! Afadhali mimi nikafundishe, yeye akanisaidie kuuza pombe!"

Darasa zima likacheka. Sekela akahisi masikio yanawaka. Alitaka kukunja goti, ashukuru, atoke. Lakini alikuwa amesafiri mbali mno. Akagonga tena silabi ya kwanza, akamtazama Rozalia, akatulia hivyo mpaka kicheko kikachoka chenyewe.

Rozalia akakunja uso. Akaukodolea ubao macho.

"Ki," akasema.

Kijiti kikahama.

"Ki... sa." Akanyamaza. "Kisa. Kisa! Ni kisa!" Akawageukia wenzake. "Limesomwa! Nani kalisoma? Mimi!"

Uso wake ulikuwa umebadilika.

Asubuhi ile walisoma ukurasa mzima. Kila palipokuwa na neno lile, Sekela alinyamaza, na wanawake, wakingoja sauti ya mwalimu ambayo haikuja, walilisoma wenyewe, wakipiga kelele, wakisukumana. Wakaanza kulitafuta. Wakamwomba anyamaze kwenye maneno mengine pia.

Mama Apolonia alikuwa amesimama mlangoni. Alimwambia Sekela apumzike, jibu litapatikana kesho, maana kamati ya misheni ndiyo inayoamua.

Kesho yake alimwita peke yake chumbani kwake, akamkaribisha chai, na Sekela alipoona chai kabla ya maneno akajua.

"Wamemchukua Marta," Mama Apolonia akasema. "Binti wa hapa hapa. Ametoka shule juzi. Nimesema nilichoweza kusema. Wanasema mwalimu wa kusoma hawezi kuwa na neno asilolisoma. Wanasema leo ni neno moja, kesho mkwe wa mwingine naye ana jina lake, darasa litakuwa la mabubu." Akazungusha kikombe. "Nami sikuwa na jibu la kuwapa, mwanangu. Ulikuwa nalo wewe?"

Sekela akafikiri kwa haki kabisa, kama mtu anayesahihisha mtihani.

"Hapana, mama."

"Pole sana."

"Nifanyie hisani moja. Neno hilo tuliweke kando. Kitu gani kingine nilikosea?"

Mama Apolonia akaweka kikombe chini. "Hakuna. Rozalia anakuja hapa tangu mwaka jana. Jana ndiyo mara ya kwanza kusoma neno bila kuambiwa kwanza."

Chai ilikuwa ya moto na Sekela aliinywa yote, kwa sababu kuiacha kungekuwa dharau. Akasimama, akakunja goti. Ilibaki kushukuru na kutoka, na kushukuru alikujua vizuri. Lakini safari hii maneno hayakutosha, yakawa membamba kinywani.

"Mama, mwambie Marta anyamaze," akasema. "Si sana. Akifika kwenye neno wanaloweza kulipata, aonyeshe kijiti, anyamaze. Watamcheka. Asiseme haraka kwa kuona aibu. Akilisema yeye, watalirudia tu kama kasuku. Na Rozalia akae mbele, asirudishwe nyuma kwa sababu ya mdomo wake."

"Nitamwambia."

"Na ubao ni mdogo. Wa nyuma hawaoni."

"Nitawaambia."

"Basi nashukuru, mama."

Mama Apolonia akamsindikiza hadi barabarani. Alitaka kusema neno la kumfariji, na Sekela alimwona akilitafuta, akaomba moyoni asilipate. Hakulipata. Wakaagana kwa mikono miwili.

Asukile alikuwa ameegesha lori chini ya mteremko, karibu na soko, akifunga turubai juu ya magunia. Alimwona mkewe anakuja akiwa na furushi lake, akajua pia. Akaruka chini.

"Wamekukataa?"

"Wamenikataa."

"Hata baada ya jana? Wanawake walikuwa wanakusifu mpaka sokoni, nimewasikia kwa masikio yangu! Wamekukataa kwa kisa gani?"

Sekela akamtazama. Asukile akasikia alichokisema, akajiziba mdomo kwa kiganja chenye mafuta ya gari, akabaki na alama nyeusi kuanzia pua hadi kidevu.

"Kwa hicho hicho," Sekela akasema.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia mlango wa lori, na Asukile naye akacheka kwa kuogopa kutocheka, na wachuuzi wa vitunguu wakageuka kuwatazama. Halafu akaacha, ghafla, akajifuta macho kwa upindo wa kitenge.

"Asukile, nimekasirika."

"Ndiyo."

"Nimekasirika sana. Usiniambie nisikasirike."

"Sijasema kitu."

"Basi washa gari."

Akapanda, akaweka furushi miguuni, akatazama mbele.